Mbwa Wangu wa Ngoliba na Mkojo Wake wa Ruiru

Mimi sikusoma sana. Niliacha shule nikijua kusoma, kuandika na kujumlisha, na hayo matatu yamenitosha kulea watoto, kuuza nyanya na kumtambua mwongo kabla hajamaliza kunisalimia. Kwa hivyo nikiandika habari ya mkojo nitaandika mkojo. Mjukuu wangu, ambaye amesoma mpaka akavishwa ile kofia bapa, aliniambia, "Cucu, watu huandika haja ndogo." Nikamwambia kama angekuwa yeye ndiye anayefua matambara ya yule mbwa, asingeiita ndogo.

Mbwa mwenyewe si wa kujivunia kwa sura. Ni mwekundu kama barabara ya murram, sikio moja limesimama na lingine limelala, mkia ameupinda upande kama mshikio wa kikombe. Jina lake sitaliandika. Nilimpa jina la mwanamume mmoja wa Ngoliba tuliyegombana juu ya mpaka wa shamba, ili kila jioni nipate nafasi ya kuita kwa sauti: "Wewe! Toka kwa takataka!" Yule mwanamume bado yuko hai, na watoto wake wanajua kusoma.

Goti langu la kulia lilipokataa kazi, mwanangu alikuja Ngoliba na gari. "Maitu, twende Ruiru," akasema. "Nyumba ni kubwa, kila kitu kiko ndani. Hutapanda, hutashuka."

"Nikija, mbwa anakuja."

Akamtazama mbwa, akatazama viti vya gari lake. "Sawa," akasema.

Nyumba ya mwanangu ina geti nyeusi na ukuta pande zote, na ndani ya ukuta kumelazwa kabro, yale matofali ya simiti ya kutandika chini, kutoka getini hadi mlango wa nyuma. Hakuna mahali unaweza kuona udongo, labda ndani ya vyungu vya maua. Mke wa mwanangu huisugua hiyo kabro kwa brashi kila Jumamosi. Mimi natoka Ngoliba, mahali ambapo vumbi hukaa juu ya chai ukichelewa kuinywa, na nasema bila wivu kwamba kabro ya yule mwanamke ni safi kuliko sahani za watu wengine ninaowajua. Ni mchapakazi. Tatizo halikuanza kwa ubaya wake.

Lilianza kwa doa la maji karibu na mlango wa jikoni. Tukasema ni maji ya kudeki. Kisha doa lingine varanda, kisha lingine kwenye kapeti, mahali mbwa alipokuwa ameibia usingizi wageni walipoacha mlango wazi. Maji ya kudeki hayanuki hivyo.

"Mum, mbwa amekojoa tena kwa kapeti," mke wa mwanangu akaniambia, kitambaa mkononi.

"Alikuwa amesimama ama amelala?"

"Alikuwa analala. Kwani tofauti ni gani?"

Tofauti sikuijua wakati huo, lakini kitu kilinikwaruza akilini. Mbwa dume akikojoa hufanya kama chifu anayeweka muhuri. Husimama, hunusa, huinua mguu, hutazama nani ameona. Huyu wangu alikuwa anaamka tu, na pale alipolala panabaki ramani. Alikuwa hata hajui. Akishaona, alikuwa anainamisha kichwa na kwenda pembeni kujilamba, manyoya ya tumbo yamelowa, ngozi chini yake imekuwa nyekundu. Nilimwonea haya, na mimi si mtu wa kuona haya ovyo.

Sasa, ni lazima nieleze kwa nini jambo hili halikuwa la kungojea. Mjukuu wangu huyo wa kofia bapa ana jina langu. Sisi Wakikuyu, msichana wa kwanza wa mwanao anapewa jina lako, kwa hivyo yeye ni wewe umezaliwa tena, safari hii ukiwa na meno mazuri. Alikuwa amepata kijana, na wazee wa kijana walikuwa wametuma neno kwamba watakuja kujua nyumbani, ndiyo hatua ya kwanza ya posa. Wakija kumwona yeye, wanakuja kuniona mimi. Nilikuwa tayari nimechagua kitambaa cha kichwa.

Jioni moja mwanangu akakaa karibu nami, akaweka simu chini, nikajua ni mazungumzo mabaya.

"Maitu, hao wageni hawawezi kuja nyumba ikinuka mkojo."

"Kweli."

"Nimeongea na jirani wetu mmoja wa Ngoliba. Anaweza kumchukua mbwa. Na kama ni ugonjwa usiopona, daktari atamdunga sindano alale."

"Alale, aamke lini?"

"Maitu."

"Yule jirani hufunga mbwa kwa waya. Mbwa akirudi Ngoliba, na mimi narudi."

"Na goti?"

"Goti ni langu."

Nilisema kwa sauti ya mtu asiyeogopa, lakini nilijua vizuri kwamba Ngoliba siwezi tena kubeba jerikeni kutoka kwenye tangi hadi jikoni. Na sikuwa natisha tu. Mimi nikishasema neno, hulifuata mpaka mwisho, hata likiwa la kijinga. Kwa hivyo kabla wageni hawajaja, ama nijue kile kibofu kina nini, ama mimi na mbwa wangu tuondoke Ruiru pamoja, kila mmoja na kilema chake.

Nikaanza na sukari. Mzee wangu, Mungu amlaze, aliugua sukari, na tuliijua kwa sisimizi. Mahali alipokojoa nje, sisimizi walikuja kama wameitwa harusini. Kwa hivyo nikamwekea mbwa kifuniko cha kopo chini alipolala, nikapata mkojo kidogo, nikaumwaga ndani ya chungu kimoja cha maua. Kwenye chungu cha pili nikamwaga chai yangu yenye sukari, ili nijue kama sisimizi wa Ruiru wana akili kama wa Ngoliba. Nikavuta kiti nikangoja.

"Mum," mke wa mwanangu akauliza dirishani, "unafanya nini na maua yangu?"

"Napima sukari."

Alifungua mdomo, akaufunga. Namheshimu kwa hilo. Sisimizi walijaa kwa chai. Kwa mkojo hakuja hata mmoja, walipita mbali kabisa. Basi si sukari.

Jirani yetu, mama mmoja kutoka upande wa Kakamega anayeuza mboga nje ya geti, alikuwa na jibu lake. "Hiyo ni baridi, Mama. Simiti imemwingia tumboni. Mtandikie gunia."

Nikatandika gunia. Asubuhi gunia lilikuwa limelowa.

"Basi anataka bibi," akasema. "Kwetu mbwa akianza hivyo tunamfungulia aende akaoe."

"Na akirudi?"

"Wengine hawarudi, Mama. Shida inakuwa ya huko alikoolewa." Akacheka mpaka sukumawiki ikamwanguka.

Nilijaribu hata maombi. Wamama wa kikundi walikuja kwetu, na mwisho wakauliza nani ana hitaji. Mmoja akasema mtoto ana mtihani, mwingine shamba lina kesi. Nikasema, "Kibofu cha mbwa wangu." Mwenyekiti akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama, tuanze na watu." Lakini mama mmoja aliyeomba mwisho alikuwa na roho nzuri. Alifumba macho akasema, "Na yule mwenye shida ya kibofu, Baba, wewe unamjua." Mbwa alikuwa mlangoni. Alipiga mkia chini, pa, na mke wa mwanangu akakimbilia jikoni ili acheke.

Mwishowe tukaenda kwa daktari Thika. Ruiru madaktari wa mbwa wapo, lakini huko Thika ndiko nilikokuwa nikinunua dawa za ng'ombe wangu, na mimi mahali nimeshazoea sihami. Mwanangu alitandika karatasi za plastiki kwenye viti vya nyuma, na juu yake magazeti, na juu ya magazeti taulo, na bado akaendesha akitazama nyuma.

Nilimtarajia yule mzee wa zamani mwenye miwani. Nikapata msichana mwenye gambuti, nywele amezifunga kwa kalamu. Nikajiambia, haya, tumekwisha. Lakini alipiga magoti sakafuni, akamwachia mbwa anuse mikono yake, kisha akashika tumbo pande mbili, akakandakanda kama anatafuta parachichi lililoiva. Mikono yake ikasimama hapo hapo ilipokuwa inashika.

"Cucu, huyu alikojoa lini mara ya mwisho?"

"Anakojoa kutwa nzima. Ndiyo maana tuko hapa."

"Siulizi kuvuja. Nauliza kukojoa. Kusimama, kuinua mguu, kumaliza."

Nikamtazama mwanangu. Mwanangu akanitazama.

"Si wewe humwona asubuhi ukitoka?" nikamuuliza.

"Mimi hutoka nikikimbia kazi. Nilidhani wewe ndiye unamwona."

"Mimi nilidhani ni bibi yako."

"Bibi yangu hudhani ni wewe."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyumba ya watu wazima na macho yao, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amemwona yule mbwa akikojoa kama mbwa tangu afike Ruiru. Tuliona mkojo, tukadhani tumeona kukojoa.

Msichana akampitishia mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo, na mkojo ukatoka, ukajaza bakuli, akamwaga, ukaendelea. Mwanangu alisema "Haiya!" kama mtoto. Daktari akaeleza: kibofu kimejaa mpaka kimelegea, kama chupa ya mpira ya maji moto, na kile tulichokuwa tunapangusa ni kinachofurika. Na mkojo ukikaa ndani sana unaoza, ndipo wakaingia wadudu, ndipo harufu na wekundu. Akampiga picha kwa mashine, hakuna mawe. Njia haijaziba, kwa sababu mpira umepita bila shida.

"Basi mbona hakojoi?" nikauliza.

"Sijui, Cucu."

Nilimpenda kuanzia hapo. Nimetembelea wakubwa wengi maishani wenye viti vya kuzunguka, na wachache waliwahi kuniambia sijui.

"Inaweza kuwa mishipa ya mgongo," akasema. "Inaweza kuwa anajizuia. Dawa hizi zitaua wadudu. Lakini mtazameni. Afanyeje, aende wapi, ageuke wapi. Mkiona kitu, mniambie."

Kazi ya kutazama nilipewa mimi, na niliifurahia kuliko kazi yoyote niliyofanya tangu nihame. Niliweka kiti cha plastiki karibu na dirisha la jikoni, nikawa nachambua maharagwe huku namchunguza mbwa. Goti linauma, macho hayaumi. Na nikaanza kuona mambo. Kila asubuhi kukipambazuka alikuwa anaenda hadi ukutani, ananusa, anazunguka kama anayetafuta kiti kanisani. Halafu anasimama. Anageuza kichwa, anatazama mlango wa nyuma wa nyumba. Anangoja. Kisha anakuja kukaa mbele ya mlango ule, masikio mbele, lile linalolala nalo linajaribu kusimama. Nikifungua, anaruka. Nikimpa chakula, anakinusa na kurudi kungoja.

"Anataka nini huyu?" nikawa nauliza maharagwe.

Dawa zilifanya kazi yake. Wekundu uliisha, harufu ikapungua. Lakini alivuja vilevile, na mwanangu alikuwa ameanza kuongea na simu huko nje ya geti, mahali ambapo siwezi kusikia.

Halafu maji yakakatika. Ruiru ni mji wa majumba marefu na mifereji mikavu, hilo wakazi wanalijua. Tangi letu likashuka, likashuka, mke wa mwanangu akatangaza kwamba kila mtu aoge kwa karai na choo kimwagiwe kwa ndoo. Nikaingia chooni asubuhi na ndoo yangu. Maji masafi, yanayoonekana mpaka chini. Nikasimama nayo juu ya lile bakuli jeupe, na mkono ukakataa. Mwanamke wa Ngoliba hawezi. Ndoo kama ile, kwetu, ni ya chai, kisha vyombo, kisha kile kilichobaki ni cha mbuzi. Kuimwaga juu ya mkojo wa mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni mimi, ni matusi kwa Mungu.

Nikarudisha ndoo. Nikajifunga leso, nikachukua fimbo, nikafungua geti ndogo ya nyuma. Ploti ya pili wanajenga, na mafundi wamechimba choo cha shimo, wakakizungushia mabati, mlango wa mabati unaofungwa kwa waya. Mlinzi nilikuwa namsalimia kila siku. Nikamwambia nataka msalani, akanionyesha kwa heshima zote kama ananikaribisha benki. Mbwa alikuwa amejipenyeza nyuma yangu, sikumjali.

Niliingia, nikafunga. Nilipokuwa humo nikasikia nje sauti kama ya mtu anayemimina maji kutoka kwa jerikeni. Nikaudhika. Nikafikiri ni mlinzi, nikafikiri, kijana mzuri hivi, hana adabu. Sauti haikukoma. Nikaweka jicho kwenye tundu la msumari.

Alikuwa mbwa wangu. Mguu juu kabisa, ameegemea rundo la mawe ya kujengea, macho ameyafumba nusu kama mtu anayesikia muziki mzuri. Nilishika mdomo nisipige kelele. Nilikuwa nimeshamaliza yangu, lakini sikuthubutu kusogea. Nilikaa ndani ya choo cha mafundi kwa furaha kuu mpaka ukafika mwisho, na akapiga teke udongo nyuma yake kama alivyokuwa akifanya zamani.

Wakati huo ndipo nilipokumbuka njia ya kwetu. Ngoliba choo changu kiko chini, mbali, ng'ambo ya migomba, na kila alfajiri, miaka yote ya yule mbwa, tulikuwa tunashuka pamoja. Mimi naingia, nafunga mlango, yeye anamaliza haja zake kwa ua. Mimi natoka, tunapanda. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu. Ilikuwa asubuhi tu. Kumbe Ruiru nilikuwa nikiamka nateremka kitandani nikaingia choo cha ndani hatua chache kutoka kwenye mto wangu, na huko nje mbwa alikuwa anangoja mlango wa nyuma, akishangaa huyu mama siku hizi haendi chooni ana ugonjwa gani.

Nilirudi nyumbani nikiruka kwa goti moja. Nikawatangazia wote wakiwa mezani. "Mbwa ni mzima! Anakojoa nikiwepo mimi! Ni mapenzi!"

Mwanangu akaweka kikombe chini. "Kwa hivyo kila asubuhi utakuwa ukitoka na hilo goti, mvua au jua?"

"Nitatoka."

"Na siku ukiwa mgonjwa? Maitu, hiyo si dawa. Hiyo ni kazi ya askari."

Mjukuu wangu alikuwa amekuja kutoka Thika, ambako anafanya kazi, kupanga mambo ya wageni wake. Yeye hakucheka. Alivuta kiti karibu. "Cucu, hapo kuna vitu vitatu. Kuna wewe, kuna udongo, kuna choo. Tuondoe kimoja kimoja."

Nikamwambia hakuna cha kuondoa, ni mimi. Lakini nilikuwa na hamu ya kujua, na hamu ikinishika hunivuta hata kwa pua.

Kesho yake alimpeleka mbwa ile ploti bila mimi, akasimama naye kwenye udongo. Mbwa akanusa, akakaa chini. "Hataki, Cucu." Nilitembea nyumba nzima kifua mbele. Nilimwambia mke wa mwanangu, nilimwambia mama wa mboga, kwamba kuna viumbe wanaojua mtu ni nani.

Asubuhi iliyofuata tukaenda wote wawili, lakini akaniambia nisiingie chooni. Nikasimama kwenye udongo ule ule, mbele ya mbwa wangu, na mapenzi yangu yote. Mbwa akanitazama. Akatazama choo. Akanitazama tena. Hakuna kitu.

"Ngoja," akasema mjukuu. Akaingia yeye, akafunga mlango kwa waya.

Mbwa akainua mguu.

Akaukojolea mchanga wa mafundi bila hata kunitazama mara moja. Mjukuu akaniita kutoka ndani, "Cucu? Amefanya?"

Nilipangusa udongo kwenye fimbo yangu kwanza. "Amefanya," nikasema.

"Basi si wewe! Ni mlango!"

"Nimesikia. Huna haja ya kupiga kelele mpaka wasikie watu wa Githurai."

Mwanangu hakuamini mpaka aone. Na mjukuu wangu, kwa sababu ni mimi nimezaliwa tena, hakumpa nafasi ya kuona kwa mbali. Alimtaka yeye mwenyewe ajaribu, kwa sababu kama mbwa angekubali mtu ambaye hampendi sana, basi jambo limethibitika. Tukampata Jumapili kabla ya ibada, amevaa suti. Tukatoka sote kwa geti ndogo, mke wake nyuma ameshika simu.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Ingia," nikasema.

"Niingie wapi?"

"Chooni. Funga mlango."

"Maitu, mimi nina vyoo vitatu kwa nyumba yangu."

"Na hiki ni cha nne. Ingia."

Akaingia akishika suruali isiguse mabati. Tukasikia waya ukifungwa. Mbwa akatazama mlango, akatazama mawe, akaanza kuzunguka.

"Ameanza?" sauti ya mwanangu ikatoka ndani.

"Nyamaza! Unamharakisha."

"Huku kuna nzi wakubwa, Maitu."

"Nzi hawana shida na wewe. Nyamaza."

Mbwa akachagua jiwe. Mguu ukapanda. Sauti ikaanza, ile ya jerikeni, na ndani ya choo mwanangu, mtu mzima mwenye wafanyakazi chini yake, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mabati yakalia. Mbwa hakujali, aliendelea. Mlinzi naye akaja kuona, na mke wa mwanangu akaketi juu ya rundo la mchanga na nguo zake za kanisa, machozi yanamtoka.

Alipotoka, mwanangu alimtazama mbwa kwa muda. "Kwa hivyo alikuwa anasubiri tu mtu aingie?"

"Inaonekana."

"Miezi yote hii? Si angekojoa tu?"

"Muulize yeye."

Hakusema tena juu ya jirani wa Ngoliba wala juu ya sindano. Lakini kwa watu wa kwetu maneno hayatoshi. Jumamosi iliyofuata niliamka nikasikia chuma kikigonga. Mwanangu alikuwa amepiga magoti katika kona ya nyuma, anang'oa kabro. Mke wake, ambaye amesugua kila kipande cha hiyo kabro kwa mkono wake, alikuwa anazipokea moja moja na kuzipanga ukutani. Walileta udongo mwekundu kwa mkokoteni. Halafu wakasimamisha kibanda kidogo cha mabati ambacho ndani yake hamna kitu, hata shimo. Kuna kiti cha plastiki tu. Na mlango. Mke wa mwanangu aliupaka rangi nyeusi ufanane na geti.

Kwa hivyo kila asubuhi mmoja wetu huingia pale, hufunga mlango, hukaa. Kukinyesha, anaingia mwanangu. Mimi husali kidogo humo, au hufikiria bei ya maharagwe. Kapeti ni kavu. Tulipomrudisha Thika, daktari alikanda tumbo na kulikuta laini, kibofu kimerudi kuwa kidogo. Nikamweleza yote. Alicheka, lakini alichukua ile kalamu kwenye nywele zake. "Na mlango ukiwa wazi, Cucu?"

"Hatujajaribu."

"Mimi ningejaribu."

Wageni wa mjukuu wangu walikuja, wakala, wakasifu nyumba, wakanisifu mimi na kitambaa changu. Mzee mmoja wao aliuliza kile chumba kidogo cha nyuma ni cha nani. Mwanangu akajibu bila kupepesa kwamba ni cha mama yake cha maombi. Mbwa alikuwa amelala katikati ya varanda, mkavu kama kuni, na mzee akamruka.

Leo asubuhi ndiyo nimejaribu lile swali la daktari. Niliingia, nikakaa, nikauacha mlango wazi kabisa. Mbwa alikuja hadi mlangoni. Akasimama mbele yangu, ananitazama, hanusi, hasogei, sikio moja juu na moja chini, mpaka mimi mwenyewe nikajisikia kama nimeketi uchi mbele ya mchungaji. Nikavumilia kadiri nilivyoweza. Kisha nikanyoosha fimbo, nikauvuta mlango nikaufunga, na huko nje nikamsikia ameanza.